Mistari Aliyoichekecha

Marehemu baba yetu mdogo, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Chekecheke, alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, akiwa kitinda mimba wa mkunga na seremala. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akahitimu shahada ya kompyuta Novemba 1992, na tarehe 1 Februari 1994 akaajiriwa na maabara ya utafiti, chumba namba 14, ambako aliunda programu za kukusanya na kuchambua protini za wagonjwa, kila protini ikiandikwa kama mstari mrefu wa herufi. Programu iliyompa jina ilichekecha mistari iliyokaribia kufanana, ikabakiza mmoja na kuitupa mingine, na tofauti ya herufi moja aliihesabu kuwa kosa la uchapaji, wenzake walipobisha aliwajibu akicheka, "Jamani, kwa mapacha picha moja inatosha."

Tarehe 17 Agosti 1996 alimwoa muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2001.

Oktoba 2021 alianza kuvimba miguu, na tarehe 11 Januari 2022 daktari wa moyo akamwonyesha kwamba protini moja ya damu yake ina herufi moja isiyo ya kawaida, kwamba binti yake naye anayo, kisha daktari akamuuliza kama katika hazina yake kuna mwingine aliyewahi kuwa nayo na ni nini kilimsaidia. Marehemu alipekua hazina aliyoijenga kwa miaka ishirini na minane, asipate hata mmoja, akamgeukia mkewe, "Mama, huenda walikuwepo. Nimewachekecha mwenyewe." Mistari ya awali ilikuwa imefutwa mwaka 2009, kwa agizo lake, ili kupata nafasi kwenye diski. Aliandikia maabara sitini na tatu, zikajibu tisa, zote hazina kitu, na barua ya mwisho aliiandika binti yake, kwa kuwa vidole vya baba vilikuwa vimekufa ganzi. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Septemba 2023, saa nane na dakika ishirini mchana.

Tunamshukuru daktari, wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliopokezana kumbeba kwenye ngazi, na wenzake wa chumba namba 14, ambao hadi asubuhi ya leo wanafungua diski za zamani moja baada ya nyingine, wakitafuta nakala ya mistari iliyofutwa. Binti ana miaka ishirini na miwili, na ametuuliza sisi wakubwa zake kama naye atavimba miguu.

Baba mdogo, amani iwe nawe katika pumziko lako.