Mwalimu Kapinga, Aliyekula kwa Niaba ya Timu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi chuoni kwetu, Mwalimu Mansuetus Kapinga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Muda wote huo alikuwa kocha msaidizi wa mpira wa miguu. Makocha wakuu walikuja, wakahamishwa, wakaja wengine; yeye alibaki na filimbi yake na lile koti la kijani ambalo mkewe, Bi Vitalia, ameapa kuligeuza tambara la kudekia.

Alitokea Litumbandyosi kuja kufundisha Jiografia. Alipokabidhiwa timu, aliukuta uwanja wetu wa Mbinga una mteremko kiasi kwamba mpira ukitoka unafuatwa kwenye kahawa za watu. Hakunung'unika. Aliwafanyisha vijana mazoezi ya kushambulia wakipanda, na aliyelalamika alipanda tena. Ndiyo maana timu yetu ina pumzi.

Lakini pumzi haikutusaidia Ngumbo. Kila mwaka tunashuka ziwani kucheza na wenzetu wa chuo cha huko, na kila mwaka tulifungwa. Desturi yao ni kwamba mgeni hagusi mpira kabla hajala, na mpishi wao, Mama Bonifasia, hajui kupika chakula cha kuonja. Vijana wa milimani wakiwaona mbasa, samaki wa ziwani waliovuliwa asubuhi hiyo, wamekaangwa na kulazwa juu ya ugali wa muhogo, wanasahau kilichowapeleka. Mwaka mmoja tulifungwa sita, na golikipa wetu alikiri kwamba kilichomshinda ni kuinama.

Mwalimu Kapinga akatafuta dawa. Tangu hapo alitangulia mezani na kula kwa niaba ya timu nzima, wachezaji wakipasha misuli moto mbali na harufu. Heshima ya wenyeji ililindwa, mabao yakapungua, mkanda wa kocha ukaongezwa matundu. Tukaanza kutoka sare. Kushinda ndiko kulikogoma.

Mwaka huu ilikuwa safari yake ya mwisho, na sote tulijua anavyoutamani ushindi huo mmoja. Wiki hiyohiyo daktari akamkataza vyakula vya kukaanga, kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Tulifika Ngumbo tumenywea. Mama Bonifasia aliyatazama masufuria, akasema hajawahi kumwaga chakula cha mgeni na hataanza uzeeni. Ikabidi vijana wakae mezani. Hapo Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hata Mbinga kuna desturi: mgeni haachwi kula peke yake. Mama akaona ni kweli. Timu ya wenyeji ikaitwa yote, kocha wao Ausi akiwa wa kwanza kunawa.

Walikula wote, wakashiba wote, kisha wakacheza mechi ya polepole kuliko zote tulizowahi kuona. Mwishoni ilibaki pumzi ya mteremko. Beki wetu Meshack alipanda na mpira, hakuna aliyeweza kumkimbiza, akafunga. Moja bila! Mwalimu Kapinga alilia mbele ya watu, nasi tukalia naye.

Mwalimu, tunakushukuru kwa moyo wote, pamoja na Bi Vitalia aliyekuazima kwetu. Mama Bonifasia ametuma mbasa kwa basi la jana, na ameagiza wachemshwe bila tone la mafuta. Leo huna timu ya kuilia. Kaa, Mwalimu, ule chako mwenyewe, taratibu, na maisha yako yawe mema.