Marehemu Apolinaria Shigela, Jirani wa Nyamizi

Marehemu Apolinaria Kabula Shigela alizaliwa Puge, wilayani Nzega, tarehe 14 Machi 1952, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Shigela Jilala na Mama Levina. Alibatizwa mwaka huohuo. Alisoma hapohapo Puge hadi darasa la nne, akaacha shule baba yake alipougua, akajifunza kushona kwa masista.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Katekista Vedasto Ambrosi, sasa marehemu, akahamia hapa Kigwa. Walijaliwa watoto watatu. Sare za shule za watoto wengi wa hapa, wakiwemo baadhi ya watu wazima waliosimama kule nyuma, zilitoka kwenye cherehani yake. Nguo za altare pia.

Nyumba yao ilipakana na ya Nyamizi, mkunga na mganga wa jadi, asiyebatizwa, anayetambikia wazee wake kwenye kibanda cha uani. Vedasto alikuwa na wasiwasi. Apolinaria alimwambia, "Nimemwomba chumvi, amenipa. Wewe ulitaka anipe nini?"

Nyamizi akiwa na tambiko, Apolinaria alimsagia unga wa mtama na kumwazima masufuria. Jumapili, Nyamizi ndiye aliyegonga dirisha: "Kengele imelia, Mama Erasmus. Mungu wako atakuchoka."

Naye alijibu kutoka ndani, "Wazee wako wamekuvumilia wewe, wangu hatashindwa."

Watoto wote watatu walipokelewa na mikono ya Nyamizi.

Haya yanasomwa kwa sababu wapo wasiotaka yasomwe.

Mei 2021 mtoto wa jirani alifariki kwa malaria. Daktari alisema ni malaria. Lakini macho ya Nyamizi ni mekundu kwa moshi wa jikoni, na watu wakaona hiyo inatosha kumwita mchawi. Mchana kweupe vijana walikuja na mapanga na marungu. Apolinaria alimwingiza Nyamizi ndani kwake, akasimama mlangoni.

"Mama, tupishe. Hatuna ugomvi na wewe," alisema mmoja wao.

"Mnao. Huyu ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, nami nilishika taa. Pita kama unaweza."

Rungu lilimvunja mkono wa kulia. Hakutoka mlangoni, wakaondoka. Mkono haukupona sawasawa na cherehani hakuigusa tena. Hakuna aliyeshtakiwa, maana hakuna aliyekubali kwamba aliona, ingawa uwanja ulijaa watu. Baadaye wanajumuiya wenzake walimvua uenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya kanisa, eti alimficha mchawi.

Aliwauliza, "Huyo Yesu tunayemwomba angewapisha?"

Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, benchi la nyuma, na hakuacha kwenda.

Novemba 2024 alipooza upande mmoja, akalazwa Tabora mjini. Watoto walipokezana, Nyamizi hakuondoka. Alimwogesha, akamlisha uji. Ulimi ulipokuwa mzito, Apolinaria akashindwa kusali rozari, Nyamizi alimsalia, sala zote bila kukosea, kwa kuwa amezisikia dirishani zaidi ya miaka hamsini. Muuguzi alimuuliza kama amebatizwa.

"Hapana," alisema. "Sala ni zake. Mimi namshikia tu."

Wanajumuiya hawakuja hospitali. Hawakutuma hata salamu. Leo wamekuja, na wamewahi viti vya mbele.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Jana baadhi ya wanakamati wa mazishi walimwendea mwanawe Erasmus, anayesoma wasifu huu, wakamtaka Nyamizi asikae na wafiwa, na jina lake litolewe kwenye ratiba.

"Mama alivunjwa mkono kwa ajili yake," Erasmus aliwaambia. "Mimi nimfute kwa kalamu?" Kisha akawaomba watoke uani kwa mama yake. Hakuwa na neno la upole jana, na leo hana.

Marehemu ameacha watoto watatu, Erasmus, Marcelina na Ambrosi; wajukuu tisa; na dada yake, Nyamizi, aliyeketi hapa kando ya jeneza. Mungu ampe Apolinaria pumziko ambalo majirani walimnyima. Atakayekuja kutia udongo atapita mbele ya Nyamizi, na ampe shikamoo yake kwanza.