Moshi Niliouita Dawa

Sifa zote ni za Mola aliyetupa pumzi na bado hajaichukua! Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Mimi ni Bi Mize wa Vitongoji, hapa Pemba, mpika mikate ya ufuta. Wengi mnanijua. Mnajua pia kwamba mie si mtu wa kulia mbele za watu, wala sina mazoea ya kujieleza. Leo najieleza. Wanawake wenzangu wa darsa wamenitaka niyaandike haya yasomwe, nami nayaandika kama yalivyokuwa, bila ya kujisafisha. Shule niliishia darasa la tatu, basi mkiona herufi imekaa upande nisameheni. Hilo kosa dogo. Kosa lililonileta hapa ni kubwa.

Ndugu zangu, nilikaribia kumuua mjukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na huku nasoma Bismillahi.

Mjukuu wangu ni Raya, binti wa mwanangu Makame. Mama yake alitangulia mbele ya haki Raya hajaanza hata kutambaa, nikamchukua mie. Nimemlea kwa uji na kwa ukali. Alipofika darasa la nne nilimwingiza jikoni, akajua kukanda, akajua kuumua, akajua kumwagia ufuta kwa vidole vitatu bila ya kupoteza. Leo ana miaka ishirini na mbili, na mikate mingi mliyokula kwangu miaka hii sita saba iliyopita, aliyeinamia makaa ni yeye.

Asiyejua kazi hii nimweleze. Mkate wa ufuta huiva chini kwanza. Kisha unakipindua kikaango, mkate umekishika hauanguki, unayatazama makaa, nawe unainama kuchungulia ufuta usije ukaungua. Uso wako na makaa haviachani shubiri mbili. Mkate mmoja, wa pili, wa mia. Mwezi wa Ramadhani tunaanza baada ya adhuhuri na hatuinuki mpaka magharibi inakaribia.

Na upepo ndio adui wa kazi hii. Upepo ukipuliza makaa, mkate unaungua upande huu na upande wa pili mbichi. Basi mie niliziba. Dirisha nililiziba kwa udongo. Mlangoni niliteremsha gunia. Juu, pale ukuta unapokutana na makuti, nilipachika mabati ya zamani. Mkate wangu ulikuwa hauna doa, na mie nilikuwa na kiburi nao. Moto tuliuwasha kwa makumbi ya nazi, na makumbi yakiwa mabichi tulitia vipande vya ndara zilizokatika au plastiki yoyote iliyo karibu. Kila mtu anafanya, nilisema.

Jirani yangu Bi Hadia alikuwa akichungulia nyuma ya gunia anacheka. "Bi Mize, mtu anaingia humu binadamu anatoka samaki wa kukausha!"

Nami namjibu, "Samaki wa kukausha haozi, Hadia. Nenda zako."

Tulicheka. Wallahi tulicheka.

Raya alianza kubadilika mwaka jana. Akisimama ghafla anashika ukuta. Akibeba ndoo kutoka bombani anaiweka chini mara tatu, na bomba lenyewe si mbali. Akaniambia, "Bibi, moyo unanienda mbio. Unaruka, kisha unasimama kidogo, kisha unaruka tena." Nikamwambia vijana wa siku hizi mna mioyo ya kuku. Na alizuka na tabia ya kwenda chooni kila mara. Mkate uko motoni, yeye chooni. Nilimsema mbele za watu. Nilimwita mvivu wa chooni. Wateja wakicheka naye anainama anaendelea kupika.

Siku moja akaanguka uwani na ndoo yake. Alipoinuka nikamwekea mkono kifuani. Moyo ulikuwa ukipiga kama mtu anayegonga mlango atakaye kuingia. Hapo mie nikajua. Yaani nilidhani nimejua! Binti wa miaka ishirini na mbili, hana homa, moyo unampiga hivi, kitu gani kama si shetani? Nimefukiza watu wengi, na mama yangu alifukiza kabla yangu. Mnanijua kwa mkate, na wengine mnanijua kwa hilo.

Makame akasema, "Mama, tumpeleke hospitali."

Nikamwambia, "Hospitali wataona nini? Wana kipimo cha shetani hao?"

Mwanangu ni mtu mzima, ana wake na watoto, lakini mbele yangu hunyamaza. Akatoka nje.

Nikamfukiza siku tatu. Baada ya alasiri namwingiza chumba cha ndani, nafunga dirisha na mlango, namkalisha juu ya kibao, chetezo kimejaa makaa chini yake, ubani, udi na dawa nyingine za majani. Namgubika blanketi mpaka chini. Siku ya kwanza alikohoa. Siku ya pili alitapika, nikasema linatoka. Siku ya tatu akaniambia ndani ya blanketi, "Bibi, nifunue. Sipati pumzi."

Nikadhani anayesema si yeye! Nikalibana blanketi kwa mikono miwili nikaendelea kusoma.

Ndugu zangu, hapa kalamu inanishinda. Alinyamaza. Nikashukuru kwa kunyamaza kwake. Kisha blanketi likaniegemea zito, kama gunia la mpunga.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kuwa ninao. Makame alikuwa nje, akauvunja mlango kwa bega. Alimbeba Raya mpaka uwani, kichwa kinaning'inia, midomo imebadilika rangi. Bi Hadia ndiye aliyempepea na kumlaza ubavu. Mie nilisimama na chetezo mkononi, sijui nikiweke wapi. Ikapatikana gari, tukampeleka mjini Chake. Mungu alitaka abaki. Upepo wa njiani, madirisha yamefunguliwa yote, akaanza kuvuta pumzi mwenyewe.

Hospitali alimpokea daktari mwanamke, mtoto mdogo kwa umri, mtandio wake mweupe, sauti yake ya hapa hapa Pemba. Akamtia Raya hewa ya mtungi. Akampima presha, akampima tena kama asiyeamini. Akambandika nyaya kifuani, ikatoka karatasi ya mistari. Kisha akanigeukia.

"Bibi, mnapika wapi?"

Nikamwambia, "Sikuja kuulizwa jiko langu."

Akasema, "Mie nalitaka hilo hilo jiko lako."

Nikamweleza kwa hasira, mpaka gunia na mabati. Akasikiliza. Akasema, "Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, haina harufu. Inaingia kwenye damu ikakaa mahali pa hewa safi. Hiyo ndiyo iliyomwangusha leo, na Mungu amemrehemu. Lakini presha hii na moyo huu havikuanza leo. Moshi una vumbi dogo hata jicho halilioni. Linapita mapafu, linaingia mpaka kwenye damu. Mishipa inakaza, moyo unasukuma kwa nguvu, kila siku, miaka. Kijana anakuwa na moyo uliochoka kama wa mzee. Sisemi ni moshi peke yake, moyo una sababu nyingi, na tutazitafuta. Lakini huu tunauona, na huu tunaweza kuuondoa."

Nikamwambia, "Mie nimepika miaka arubaini. Mbona sikufa?"

Akanitazama. "Bibi, ngazi za hapo nje umepumzika mara ngapi?"

Nilipumzika mara mbili.

Ndipo Raya akafumbua macho. Sauti ndogo, ya mtu aliyetoka mbali. Akasema, "Daktari, mie nilikuwa nakwenda chooni nipate hewa. Choo chetu hakina paa."

Basi. Sikuhitaji mtu mwingine anieleze. Mjukuu wangu alikimbilia chooni apate pumzi, kwa sababu jikoni kwangu haikuwemo. Nami nikamtukana kwa hilo mbele za watu. Nilikaa chini pale pale sakafuni, watu wanapita, sikujali.

Ndugu zangu, mimi nilimtegemea Mungu kwa mdomo, lakini niliyemtegemea hasa ni Mize. Mize ajuaye. Mize asiyeulizwa. Niliomba Mola amponye Raya na huku nimemzibia pumzi ambayo Mola alikwisha kumpa bure. Hayo ndiyo aliyoniokoa nayo, na ndiyo ninayoyashuhudia. Kumwokoa Raya kulikuwa rehema ya kwanza. Ya pili ilikuwa kunionesha nafsi yangu kabla sijafa.

Raya alipotoka hospitali, nilimwita chumbani. Kwetu mtoto ndiye anayemwomba radhi mkubwa, mnajua. Sijawahi kuona kinyume chake. Nilimshika mikono nikamwambia, "Nimekukosea, mwanangu. Nataka radhi yako."

Akashtuka. "Bibi, usiseme hivyo, utanitia dhambini."

Nikamwambia, "Dhambi ni yangu. Sema umenisamehe."

Akasema. Kisha akalia, na mie nikalia, na hilo Vitongoji yote mmekwisha kulisikia, kwa sababu Bi Hadia alikuwa dirishani.

Jiko tumelivunja ukuta wa mbele na wa ubavuni. Makame ameinua paa, moshi unatoka wenyewe. Plastiki haiingii tena motoni. Mkate wangu sasa una madoa, upande mmoja mweusi kidogo. Anayetaka anunue, asiyetaka aache. Raya haukaribii mkaa, anakanda na kuumua nje. Anameza vidonge, anakwenda kliniki kila anapoitwa. Hajapona kabisa, sitawadanganya. Presha imeshuka, ndoo anaibeba kwa kituo kimoja. Nami nilipimwa, nameza vidonge vyangu.

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kutoka kijiji cha Ole na binti yake wa miaka kumi na tisa. Moyo unamwenda mbio, anachoka, anaanguka. Amekuja na ubani wake kwenye kanga, anataka nimfukize. Nikamuuliza yule binti kazi yake. Anachoma mkaa na baba yake.

Nikamwambia yule mama, "Rudisha ubani wako kwenye kanga. Tunakwenda Chake."

Akasema, "Bi Mize, nimekuja kwako kwa ajili ya dua!"

Nikavaa buibui langu, nikamshika binti mkono. "Dua nitaisoma," nikamwambia. "Nitaisoma njiani, madirisha yakiwa wazi."

Nikaisoma, ndugu zangu, mpaka mlangoni kwa daktari. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani kwake asimfiche wala asimgubike. Mtegemeeni Mungu, na mmpe mtoto hewa aliyoiumba. Namshukuru Yeye peke yake. Amin.