Nyundo, na Pigo Moja Ndani ya Kimya

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Nyundo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mitambo ya kufuma na mkewe, mshonaji. Mitambo ile haikujua usiku wala mchana. Ukuta wa chumba cha watoto ulitetemeka, na watoto walilala fofofo. Umeme ulipokatika na mitambo ikasimama, ndipo nyumba nzima ilipoamka, na Nyundo alikuwa wa kwanza kuketi kitandani, macho yamemtoka, akiuliza kuna nini. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayewasomea haya, alilala naye kitanda kimoja na alikula viwiko vya kutosha kulikumbuka jambo hili. Mlikumbuke na ninyi, maana tutalirudia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na shule ya ufundi, alikohitimu mwaka 1970 katika kazi ya mabati na uchomeleaji. Walimu walisema hakuwa mtukutu, ila alikuwepo darasani bila kuwepo. Vidole vyake vilikuwa chini ya dawati vikipiga mambo yao. Huko alikutana na kijana mwembamba aliyetolewa nje kila mara kwa kupiga mluzi wakati wa hesabu. Huyo ndiye Mluzi, mwimbaji, na tangu siku hizo hawakuachana.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika karakana ya matangi ya maji, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2007. Jina la Nyundo lilitoka huko. Mwaka 1974, yeye kwenye drams, Mluzi na ndugu wawili wapiga magitaa waliunda bendi ya roki, na kwa miaka kadhaa walijulikana zaidi kwa watu waliokuwa wakiwaomba wapunguze sauti. Mama alimuuliza, mwanangu, kutwa unagonga mabati, jioni unakwenda kugonga tena? Alijibu kwamba mabati hayaitikii. Mama hakuwahi kuelewa, lakini alimshonea shati la jukwaani.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na muuguzi wa zamu, mwanamke mpole asiyependa kelele, na hadi leo hatujui walikubaliana vipi. Agosti 1979 walipata binti, na binti huyo alizaliwa na jambo moja moyoni, kwamba asilale yeye wala asilale mtu. Mke akiwa zamu ya usiku, Nyundo alibeba mtoto. Asubuhi alikwenda karakana. Jioni alikwenda kwa bendi.

Wiki hizo ndizo waliporekodi wimbo mnaoujua wote. Enzi zile watu walisimama chumba kimoja na kupiga wimbo mara moja, mwanzo hadi mwisho. Baada ya ubeti wa pili wimbo ulitakiwa kusimama kabisa, vyombo vyote kimya, mpaka Mluzi aanze tena peke yake. Basi Nyundo alikuwa amesinzia. Mikono ilikuwa kazini, mwenye mikono keshalala. Kelele zilimlaza kama zilivyomlaza utotoni, na kimya kilipoingia kikamwamsha. Alishtuka, akapiga. Pigo moja tu, katikati ya kimya, lisilo na mwenzake. Mkanda ulikuwa umekwisha na hakukuwa na mwingine, kwa hiyo wimbo ukatoka hivyo hivyo.

Yaliyofuata mnayajua. Ukumbi mzima ulijifunza kupiga kofi moja pale pale. Mwandishi mmoja gazetini alieleza kwamba pigo lile ni moyo wa mtu aliyeachwa na mpenzi. Nyundo alikata habari hiyo akaibandika mlango wa choo. Lakini mzaha ulimwishia. Kwa miaka arobaini na kitu alipanda jukwaani kupiga usingizi wake, na barabarani watu wasiomjua walimsalimia kwa kofi moja. Siku moja alimwambia mkewe, akivua viatu, "Nimefanya mambo mengi nikiwa macho. Hakuna anayeyajua."

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2021. Miguu ilivimba, ngazi zikawa adui. Bendi ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, ilikubaliwa itolewe albamu ya nyimbo zote zilizotamba. Mikanda ya zamani ilikuwa imeoza kwa unyevu, ikabidi kila kitu kirekodiwe upya. Nyundo alikubali kwa sharti moja tu. Wimbo ule angeupiga kama ulivyotungwa, akiwa macho, kimya kikiwa kimya. Prodyuza, kijana mwenye adabu, alimwambia, mzee, watu watadhani kuna kitu kimepotea. Alijibu kwamba kitakuwa kimepatikana.

Waliingia studio Februari 2024. Wimbo ule ulipofika mwisho wa ubeti wa pili, Nyundo alinyanyua vijiti akavishika hewani, na kimya kikaja safi. Kikaendelea. Kikazidi kuendelea. Mluzi hakuanza. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja pigo lile ndipo avute pumzi aanze, na sasa alisimama mdomo wazi, hajui aingilie wapi. Walirudia, ikawa vile vile. Walirudia tena. Hakuna aliyegombana, walikuwa wazee na walikuwa wamechoka. Mwishowe Mluzi alivua miwani.

"Ndugu yangu, nisamehe," alisema. "Bila wewe siioni njia."

Nyundo alijifuta uso kwa taulo, akavishika vijiti tena.

"Haya," alisema. "Nitalala tena."

Akapiga. Albamu ikatoka na pigo lake ndani, na imependwa sana, tunashukuru.

Alilazwa hospitali mwezi Mei. Binti yule yule asiyelala, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wake, alimletea albamu wodini wakaisikiliza pamoja na mama yake. Pigo lilipofika, Nyundo alimnyooshea binti kidole. "Si mimi niliyepiga," alisema. "Ni huyu, alikataa kulala." Binti alicheka mpaka akalia. Nyundo alifariki dunia mchana wa tarehe 14 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Nasi pia tumechoka, ndugu zetu, tusifichane.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, mdogo wake wa kike anayewasomea haya, mpiga gitaa mmoja aliyebaki kati ya wale ndugu wawili, na Mluzi.

Sasa lipo ombi moja. Baada ya mazishi, bendi itapiga wimbo ule. Drams zimefunikwa kitambaa na hakuna atakayezikalia. Wiki nzima Mluzi amekuwa akifanya mazoezi ya kuanza mwenyewe, jikoni kwake, na mkewe anatuambia kwamba kuna mara anapatia. Baada ya ubeti wa pili kitakuja kimya, na huenda kikawa kirefu. Tunawaomba mashabiki, majirani, watoto, sote, tusipige lile kofi. Mkono ukiinuka wenyewe kwa mazoea, mwenzako aukamate. Mpeni Mluzi muda. Mpeni na Nyundo kile alichokiomba na hakukipata.

Alale kaka yetu Nyundo kwa amani, na safari hii kimya kisimwamshe.