Siku Iliyozidi ya Pyo Han-jin

Ndugu, majirani na mliofanya kazi naye, tulieni kidogo, mchuzi hauna miguu, hautakimbia.

Marehemu Pyo Han-jin alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Jecheon, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Pyo Chil-bok, mpasua mbao, na tarehe 21 Juni mama yake akagawa vikate vya mchele vya siku ya mia ya mtoto, akihesabu kuanzia siku ile ile ya uchungu, maana kwetu siku ya kwanza nayo ni siku.

Alianza shule ya msingi Machi 1967, dada yake Sun-ok, anayewasomea haya, aliyeishia darasa la sita, akiuza tofu ili yeye asome, naye akahitimu masomo ya hesabu Cheongju, Februari 1987. Tarehe 22 Oktoba 1989 alimwoa Ok Mi-ryeong, wakajaliwa binti mmoja, Sae-rom, tarehe 9 Julai 1992.

Tarehe 1 Septemba 1998 aliajiriwa Daejeon na kampuni ya takwimu za majaribio ya dawa, kazi yake kuiandikia kompyuta maagizo ya kuhesabu siku kati ya tarehe na tarehe, tangu mgonjwa ameze dawa mpaka apone, augue zaidi au afe, kazi ambayo Sun-ok aliicheka miaka yote, akisema hata kuku anajua siku za mayai yake.

Mwaka 2009 palikuwa na jaribio ambalo kanuni yake ilitaka kila kifo cha ndani ya siku thelathini baada ya dozi ya mwisho kiandikwe, siku yenyewe ya dozi isihesabiwe, lakini Han-jin aliihesabu, kama mama yake alivyohesabu. Mama mmoja wa Wonju, aliyemjua kwa namba tu, alimeza dozi ya mwisho tarehe 2 Mei, akafa tarehe 1 Juni, siku ya thelathini, kompyuta ikasema thelathini na moja, akadondoka kwenye orodha. Angekuwa wa tatu, na kanuni ilisema wakifika watatu, dawa isimamishwe.

Han-jin aligundua mwenyewe, na tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya mavuno, wakifinyanga vikate jikoni, akamwambia Sun-ok, "Dada, nimekosea siku moja."

"Siku moja? Mimi nimemkosea shemeji yako miaka thelathini, na bado anakula kwangu."

"Dada, kuna mtu amekufa."

"Ukisema atafufuka? Funga mdomo wako, Han-jin, una mtoto wa kusomesha."

Akafunga. Tarehe 11 Januari 2010 mwanamume mmoja wa miaka hamsini na minane akaanzishwa dawa ile, tarehe 2 Machi akafa, ini limeharibika. Tarehe 10 Mei Han-jin alipeleka kazini barua ya kukiri kosa lile kwa mikono yake, mkubwa wake akamwambia, "Bwana Pyo, nani alikuuliza?", lakini dawa ikasimamishwa wiki ile ile, naye akaachishwa kazi tarehe 31.

Alirudi Jecheon, akafundisha vijana chuoni, na kila mwaka tarehe 2 Machi Mi-ryeong aliongeza bakuli moja la wali mezani, la mtu wasiyemjua jina.

Tarehe 6 Februari 2024 alikutwa na saratani ya kongosho, akaugua siku 276, akafariki tarehe 8 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomwambia ukweli bila kuuzungusha, majirani waliopika siku hizi tatu, wanafunzi wake waliobeba jeneza, na wenzake wa zamani wa Daejeon, hata waliochelewa miaka kumi na minne.

Mpaka anakufa alisema alinyamaza kwa woga wake mwenyewe. Alimsitiri dada yake. Kuanzia 3 Oktoba hadi 10 Mei ni siku 219, Sun-ok amezihesabu kwa vidole, akarudia, na anaomba mbele yenu ziandikwe kwake, zisizikwe na marehemu.

Yeye ameishi siku 23,251, ya kuzaliwa ikiwemo, maana hapo moja inajumlishwa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, mzigo wangu nimeuchukua.