Firimbi ya Cibalonza wa Bagira

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria motoni, ifunikeni kwanza. Anayetwanga sombe, majani ya muhogo, aweke mchi chini kidogo. Habari ya leo inataka nyumba iwe kimya, na mwishoni mtaelewa kwa nini ninaomba hivyo.

Tunamkumbuka Cibalonza, binti wa maman Adélaïde wa Bagira, hapa Bukavu. Cibalonza alikuwa polisi. Polisi wa barabarani, wale tunaowaita roulage. Alikuwa na firimbi moja ya chuma, na juu ya firimbi hiyo watu wa Bagira mpaka leo hawajui waseme nini.

Vita ya kwanza ilipofika Bukavu, baba yake Cibalonza alikuwa Shabunda, anachimba dhahabu. Njia ikafungwa. Vita ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, mji ukaingia mikononi mwa waasi, na baba hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa. Hakuna aliyekuja kusema yuko hai. Maman Adélaïde hakujua kama avae nguo za mjane ama aendelee kumwekea mume wake sahani mezani. Akafanya yote mawili. Kitambaa cheusi kichwani, na sahani mezani kila jioni.

Cibalonza alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Shule aliiacha darasa la tano. Alikuwa msichana wa haya. Ukimsalimia njiani, aliangalia vidole vya miguu yake.

Siku moja wakatangaza kwenye komine, ofisi ya serikali ya mtaa: wanatafutwa vijana, wavulana na wasichana, wafundishwe kazi ya polisi. Na watalipwa tangu siku za mafunzo. Sikieni vizuri, wasikilizaji wapendwa: kulipwa ukiwa bado unafundishwa! Wakati huo hata walimu wa shule walikuwa wanafundisha bila mshahara. Lakini waliofungua mafunzo hayo walikuwa ni wale wale walioshika mji.

Mdogo wake, Colombe, alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini.

«Weye? Weye unaogopa hata jogoo ya maman Valérie! Utakamata mwizi namna gani?»

«Njo sababu naenda banifundishe,» Cibalonza akajibu.

Mama hakucheka. Akauliza: «Polisi ya nani?»

«Polisi tu, maman.»

«Nauliza, ya nani?»

Cibalonza akaangalia vidole vyake. Kesho yake asubuhi akaenda kujiandikisha.

Aliyewafundisha kuongoza magari alikuwa papa Lucien, polisi wa zamani, tangu siku za Zaire. Aliwasimamisha kwenye uwanja wa matope na kuwafundisha mikono. Mikono miwili wazi: simama. Mkono mmoja unasukuma upande: pitia kule. Nusu ya masomo yalikuwa ya Kifaransa, na Cibalonza hakuyashika. Mikono aliishika yote. Shida ilikuwa firimbi. Mara ya kwanza alitoa mate tu, na wenzake wakaangua kicheko.

Papa Lucien akamvuta pembeni. «Mutoto, kama uko na haya, acha firimbi iongee. Yenyewe haina haya.»

Basi akapuliza. Wanasema ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Malipo ya kwanza ya mafunzo yakatoka. Cibalonza alinunua unga, maharagi, samaki wadogo wa sambaza, na sufuria moja kubwa ya alumini, inang'aa kama kioo. Akaweka vyote mbele ya mama. Watoto wakala, wakashiba. Maman Adélaïde akachemsha mboga za lengalenga za shamba lake katika sufuria ya zamani, akala peke yake mlangoni.

«Bale bantu njo balifunga njia ya papa yako,» alisema. «Mi sitakula chakula yabo.»

Sufuria mpya akaitundika kwenye msumari ukutani. Ikakaa pale bila masizi hata kidogo. Malipo ya pili yakafika, ikawa vile vile. Mafunzo yakaisha, Cibalonza akavaa sare, ikawa vile vile. Wasikilizaji wapendwa, msichana huyu alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mama yake ale kutoka mkononi mwake. Na hakujua kama ameikosea nyumba yake ama anaiokoa.

Wakamweka kazini chini ya mteremko wa Bagira, karibu na soko. Magari yalikuwa machache. Vijana wakapata mchezo.

«Roulage! Simamisha ile mbuzi, haina karatasi ya assurance!»

Yeye alinyoosha mikono yake kama alivyofundishwa, hata kama barabara ilikuwa tupu.

Sasa tufike kwenye siku ya masufuria. Watu wa Bukavu walikuwa wamechoka. Wakaelewana wafanye ville morte: hakuna duka, hakuna gari, hakuna shule. Na kengele ya kanisa ikilia mchana, kila mtu apige sufuria, ili wanaotawala wasikie kwamba watu hawawataki. Komanda akatuma polisi katika kila mtaa. Cibalonza akatumwa mtaa wa kwao wenyewe. Amri ilikuwa hii: piga firimbi wanyamaze, na asiyenyamaza, leta jina lake.

Kengele ikalia. Mtaa mzima ukaanza kulia kama bati la nyumba wakati wa mvua ya mawe. Cibalonza akapanda polepole mpaka mbele ya mlango wa kwao. Mama yake alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Na sufuria aliyokuwa anaipiga ilikuwa ile ya msumarini, ile mpya, ile ya malipo ya mafunzo. Alikuwa anaipiga huku anamwangalia mtoto wake machoni.

Cibalonza akaweka firimbi mdomoni. Akapuliza.

Je, alipuliza ili wanyamaze? Amri ilikuwa hiyo. Lakini firimbi ile iliingia katikati ya masufuria kana kwamba ilikuwa inangojewa. Colombe akamwonyesha dada yake mkubwa kwa kidole, akapaza sauti: «Yaya iko na sisi! Yaya iko na sisi!» Mtaa ukapiga kelele za furaha, masufuria yakaongezeka. Na Cibalonza hakuacha. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Jioni akarudi kazini bila jina hata moja, na komanda akamfungia ndani.

Alipofunguliwa na kurudi nyumbani, alikuta moto unawaka. Juu ya mafiga palikuwa na ile sufuria, imebonyea pande zote, tako limeanza kushika masizi. Mama alikuwa anasonga bugali.

«Ile firimbi, ulipiga ya nini?» mama akauliza.

«Maman, mi mwenyewe sijuwe. Niliona sufuria, nikapuliza.»

Mama akamwangalia sana. Kisha akakata tonge, akachovya, akala. «Kula,» akasema. «Bugali inapoa.»

Tangu siku hiyo ikawa desturi pale sokoni. Cibalonza akipuliza firimbi, wamama wanaouza wanashika vijiko na kumjibu kwenye masufuria yao. Ko-ko-ko! Yeye anatabasamu, anaangalia vidole vyake. Mtu mgeni angeshangaa. Sisi tulizoea. Wakubwa wa polisi walibadilika, baadaye wakasema vita imekwisha, na firimbi ikabaki ile ile, na jibu lake lile lile.

Mwezi uliopita, Jumamosi, soko limejaa. Lori likatokea juu ya mteremko, limetoka njia ya Bunyakiri, limejaa makala, yale makaa ya kupikia. Frein, zile breki zake, zilikuwa zimekatika. Cibalonza aliliona kabla ya wote. Akapuliza firimbi.

Wamama wakacheka, wakamjibu. Ko-ko-ko!

Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Wakamjibu kwa nguvu zaidi.

Colombe alikuwa kwenye meza yake ya sambaza. Ametuambia hivi: «Nilipiga huku nacheka. Nilisema, leo yaya iko na furaha.»

Cibalonza akaacha mahali pake. Akakimbia kupanda mteremko, katikati ya barabara, kulielekea lori. Hapo ndipo watu walipoinua macho. Wakatupa vijiko, wakakimbia. Cibalonza alikuwa amesimama na mikono wazi, kisha akasukuma mkono mmoja upande: pitia kule.

Dereva, papa Didier, alitoka hai, mguu umevunjika. Alituambia kitandani kwake: «Sikuwa na kitu ya kufanya. Niliona ule mukono unanionyesha ukingo. Nikapindua usukani kule.»

Lori likagonga ukingo, likalala. Magunia ya makala yakamwangukia Cibalonza. Sokoni hakufa mtu. Alikufa Cibalonza peke yake.

Kwenye matanga kulikuwa na mabishano. Polisi walisema ni wao, watamzika kipolisi. Vijana wa mtaa walisema ni wao, tangu siku ya masufuria. Wengine walikuja na masufuria wampigie kwa heshima. Wengine wakawakataza, wakiona aibu. Kila mtu alikuwa anauliza mwenzake: tufanye nini?

Maman Adélaïde akatoka ndani na ile sufuria iliyobonyea. Akaigeuza, akaikalia kama kiti. Akasema maneno machache tu, na ninayarudia kama alivyoyasema:

«Alituita, tukamujibu. Hatukumusikia.»

Wasikilizaji wapendwa, sisi wa redio hatuna la kuongeza juu ya neno la mzazi. Hatujui firimbi ya siku ya masufuria ilikuwa ya nini. Mwenyewe alisema hajui, na ameondoka hajui. Kwa maman Adélaïde, ambaye sasa anaweka sahani mbili mezani zisizo na mlaji, kwa Colombe, na kwa wadogo wote, tunasema pole sana. Mungu awashike mkono. Kwa papa Didier pia, pole. Na kwa wamama wa soko la Bagira, ambao siku hizi wanauza bila kugonga kijiko, poleni. Mlimpenda, na yeye alijua.

Kwetu tuliobaki, tukae na jambo hili wiki hii. Mtu wako akikuita, hata kama sauti yake umeizoea, hata kama jibu lako liko tayari mkononi, ngoja kidogo. Sikiliza kwanza anaita nini.

Sasa funueni sufuria zenu. Polepole tu, kifuniko kisilie.