Projestus Kamugisha na Ubongo wa Chura

Ndugu waombolezaji, nyie mliokuja kwa mapenzi na nyie mliokuja kuchungulia, mimi ni Ansbert, mdogo wake marehemu, familia imeniagiza nisome maisha yake, nami nitayasoma yote.

Kaka yetu Projestus Kamugisha alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 12 Machi 1914, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaja Dar es Salaam mwaka 1936, akafanya kazi ya kufunga vidonda hospitalini, na tarehe 8 Julai 1939 akafunga ndoa na shemeji yetu Kokushubila, huyu aliyekaa hapa, wakajaliwa watoto wawili, Genoveva na Nikodemu.

Mwaka 1949, wakiwa tayari wanakaa hapa Temeke, aliajiriwa na daktari mmoja wa Kizungu aliyechunguza vyura, na kwa kuwa hamkutaka kuielewa kazi hiyo alipokuwa hai, mtaisikia leo: walichomeka uzi wa chuma, mwembamba kuliko unywele, kwenye sehemu ya ubongo wa chura inayopokea habari za macho, wakauunganisha na spika, na umeme mdogo wa ubongo ule ukasikika ukipiga kwa mapigo, tu-tu-tu, ukitulia na kurudia, kama cherehani ya fundi, hata taa ikizimwa, chura haoni kitu. Kaka alifurahi mno, na mwezi Januari 1952 akawasimulia barazani kwenye kahawa, akataja sindano, ubongo na Mzungu, nanyi mkaondoka na neno moja tu, mumiani, mnyonya damu za watu. Lo! Damu ya nani? Nani kati yenu alipotelewa na mtoto?

Basi mkawa mnawaita watoto ndani akipita, salamu zake hamziitikii, naye akavumilia, hata tarehe 3 Juni 1953, saa saba mchana, ngiri ya tumbo ikambana, akawa anagaagaa sakafuni, shemeji akapita mlango kwa mlango akiomba watu wa kumbeba kwa kitanda, kama mnavyombeba kila mgonjwa wa mtaa huu, mkafunga milango mchana kweupe, na mmoja wenu, hana hata haya, akamwambia dirishani kwamba amwite Mzungu wake aje kumbeba. Ikawa jioni ndipo Kasiani, mchonga vinyago wa nyumba ya pili, aliporudi kutoka kazini, akampakia kwenye mkokoteni, akausukuma peke yake hadi hospitali. Madaktari walimpasua, wakakuta utumbo umekwisha kuoza, wakasema angefikishwa mchana angepona, na tarehe 5 Juni akafariki. Midomo yenu ndiyo iliyomuua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa jitihada zao, wafanyakazi wenzake, na Kasiani pamoja na mkewe Mauwa, ambaye tangu msiba ndiye anayempikia mjane uji. Majirani wengine mliobaki, familia imekaa na kuamua: jeneza hili litabebwa na mimi, Kasiani na wawili waliofanya kazi na marehemu, makaburi ni mbali na sie ni wachache, tutatua njiani tupumue, lakini asisogee mtu kutupokea jeneza. Mlikataa kumbeba alipokuwa anapumua, na leo kaeni hivyo hivyo mlivyokaa.

Pumzika, kaka. Amani uipate wewe, sie bado.